Dawa ya Kunguni na Kimeng'enya Kinachotuwezesha Kupumua

Kunguni ni shida inayojulikana vyema katika mitaa mingi ya Eastlands, kuanzia Kayole, Dandora na Umoja hadi Huruma, Mathare na Pipeline. Nyumba zimesongamana, wapangaji huhama kila mwisho wa mwezi, na vitanda na makochi ya mitumba hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Kunguni akiingia chumba kimoja, haichukui muda kabla ya kupenya kwenye nyufa za ukuta na kufika kwa jirani. Ndiposa wachuuzi wa dawa ya kunguni hawakosi wateja sokoni, kwenye vituo vya matatu na hata kwenye milango ya ploti.

Tatizo ni kwamba dawa nyingi za aina hiyo huuzwa zikiwa zimepimwa upya katika chupa za soda au za maji, bila kibandiko chochote. Mnunuzi huambiwa kwamba dawa ni kali na kwamba kunguni hawatarudi. Asichoambiwa ni kilichomo ndani ya chupa. Baadhi ya dawa zinazouzwa hivyo zilitengenezwa kwa matumizi ya shambani au ya kuogeshea mifugo, na miongoni mwake zimo kemikali za kundi la oganofosfeti.

Oganofosfeti huua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kimoja katika neva zake. Kimeng'enya hicho kimo pia katika mwili wa binadamu, na kikisimama kufanya kazi, mtu hushindwa kupumua. Mkazi anayeelewa jinsi kinavyofanya kazi ataelewa pia ni kwa nini dawa isiyo na kibandiko haifai kuingizwa nyumbani, na kwa nini mtu aliyedhurika anahitaji kufikishwa hospitalini bila kuchelewa.

KIMENG'ENYA NI NINI?

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Kazi ambayo ingechukua muda mrefu sana kutokea yenyewe, kimeng'enya huifanya kwa muda mfupi mno, kisha kikabaki vilevile, tayari kwa kazi nyingine.

Kundi moja kubwa la vimeng'enya hufanya kazi ya kukata kemikali vipande viwili kwa kutumia maji. Wataalamu huviita haidrolesi. Mfano rahisi umo mdomoni. Ukitafuna chapati isiyo na sukari kwa muda mrefu bila kumeza, huanza kuonja utamu. Sababu ni kwamba mate yana kimeng'enya cha amilesi, ambacho hukata wanga kwa msaada wa maji na kutoa sukari.

Kimeng'enya kinachoguswa na dawa za oganofosfeti ni cha kundi hilo hilo la haidrolesi. Jina lake kamili ni asetilikolinesterasi. Kwa ufupi, hapa kitaitwa kolinesterasi.

KAZI YA KOLINESTERASI

Ubongo unapotaka mkono uinuke au kifua kipanuke, ujumbe husafiri kwenye neva hadi kwenye msuli. Lakini neva na msuli havijagusana. Kati yao kuna mwanya mdogo usioonekana kwa macho. Ili kuvuka mwanya huo, neva huachilia kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo huvuka, hugusa upande wa msuli, na msuli hukaza.

Kwamba neva hutumia kemikali kupitisha ujumbe kulithibitishwa mwaka wa 1921 na mtaalamu Otto Loewi, aliyefanya majaribio kwa kutumia mioyo ya vyura. Yeye na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936 kwa kazi yao kuhusu jambo hilo.

Ujumbe ukishafika, lazima ufutwe. Asetilikolini ikibaki kwenye mwanya, msuli hauwezi kulegea, na hauwezi kupokea amri nyingine. Kufuta ujumbe ndiyo kazi ya kolinesterasi. Huishika asetilikolini na kuikata vipande viwili kwa kutumia maji. Kipande kimoja huitwa kolini, nacho hurudishwa ndani ya neva na kutumika tena. Kipande cha pili ni asidi ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali wake. Vipande hivyo haviwezi tena kuamsha msuli.

Kazi hii hufanyika kwa kasi kubwa sana. Molekuli moja ya kolinesterasi inaweza kukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja. Kasi hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuandika, kukimbilia matatu, kumeza chakula na kuvuta pumzi moja baada ya nyingine bila misuli kukwama.

DAWA INAVYOKIZUIA

Chukua mfano wa kinyozi mwenye kiti kimoja. Mteja huketi, hunyolewa, huinuka, na mwingine huketi. Kazi huendelea mradi kila anayeketi anainuka.

Kolinesterasi pia ina mahali pamoja pa kufanyia kazi, mithili ya kiti hicho. Asetilikolini inapoingia, kipande cha kolini hutoka mara moja. Kipande cha pili hubaki kimeshikamana na kimeng'enya kwa muda mfupi mno, kisha maji hukiondoa. Kiti huwa wazi tena.

Oganofosfeti nayo hufaulu kuketi kwenye kiti hicho. Lakini sehemu yake yenye fosforasi hushikamana na kimeng'enya kwa nguvu kiasi kwamba maji hayawezi kuiondoa kwa urahisi. Kiti hakifunguki. Asetilikolini inayofuata haina mahali pa kukatwa, hivyo hurundikana kwenye mwanya. Misuli hupokea amri ya kukaza mfululizo hadi ikachoka na kulegea kabisa. Tezi za mate, machozi na jasho nazo hupokea amri ya kumwaga bila kukoma. Njia za hewa hubanwa na kujaa majimaji.

Kundi jingine la dawa, liitwalo kabameti, hukalia kiti hicho pia, lakini huachilia baada ya saa kadhaa. Kabameti ya kwanza kujulikana ilitoka barani Afrika, katika mbegu za mmea wa eneo la Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria. Hapo kale, walioshukiwa kuwa wachawi walilishwa mbegu hizo kama jaribio la kuonyesha kama wana hatia, na wengi walikufa. Sumu ya kabameti inaweza kuua vilevile, ingawa kimeng'enya hupata nafuu mapema kuliko kinapozuiwa na oganofosfeti.

Ukaribu kati ya sumu ya mdudu na sumu ya mtu si jambo jipya. Mwaka wa 1936, mwanakemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa mpya za wadudu za aina ya oganofosfeti. Moja ya alizotengeneza, tabuni, ilikuwa na sumu kali kwa binadamu kiasi kwamba jeshi la nchi yake liliichukua kuwa silaha.

KWA NINI VYUMBA VYA ENEO HILI VINA HATARI ZAIDI

Dawa ya shambani hutengenezwa ili inyunyizwe mahali pa wazi, na mtu aliyevaa glavu, buti na barakoa, ambaye huondoka baada ya kazi. Ikinyunyizwa kwenye godoro katika chumba kimoja cha ghorofa ambapo dirisha linatazamana na ukuta wa jengo la pili, mvuke wake hauna pa kwenda. Familia hulala papo hapo usiku kucha, na jiko na chakula vimo katika chumba hicho hicho.

Oganofosfeti huingia mwilini kwa njia tatu: kwa kupumua, kwa kumeza na kupitia ngozi. Kulala juu ya godoro lililolowa dawa ni kuigusa kwa saa nyingi.

Watoto ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Mtoto hupumua hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wake, hutambaa sakafuni na hutia mikono mdomoni. Zaidi ya hayo, mtoto anayeona chupa ya soda hujua kazi moja tu ya chupa hiyo.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili huweza kuanza baada ya dakika chache au baada ya saa kadhaa, kulingana na aina ya dawa na jinsi ilivyoingia mwilini. Mtu aliyekuwa karibu na dawa ya wadudu huenda amedhurika iwapo:

- anatokwa na mate, machozi, kamasi au jasho jingi kupita kawaida;
- anatapika, anaharisha, anaumwa na tumbo au kushindwa kuzuia mkojo;
- mboni za macho yake zimekuwa ndogo sana na haoni vizuri;
- kifua kinabana, anakohoa, au pumzi yake inatoa sauti ya majimaji;
- misuli inachezacheza chini ya ngozi, kisha anakosa nguvu;
- anachanganyikiwa, anapata degedege au anapoteza fahamu.

Dalili za mwanzo hufanana na za chakula kibovu au homa. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaugua kwa pamoja baada ya nyumba kunyunyiziwa dawa, chukulieni kwamba ni sumu hadi daktari aseme vingine.

LA KUFANYA MARA MOJA

1. Mtoe mgonjwa penye hewa safi. Fungua milango na madirisha, na uwaondoe wengine wote chumbani.

2. Jikinge kwa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mvue nguo zilizolowa dawa na uzifungie kwenye mfuko.

3. Osha ngozi na nywele zake kwa sabuni na maji mengi. Dawa ikiwa imeingia machoni, yamwagie maji safi kwa angalau dakika 15.

4. Usimtapishe. Dawa nyingi za wadudu huchanganywa na mafuta yanayoweza kuingia mapafuni anapotapika.

5. Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia au kinywaji chochote. Imani kwamba maziwa huua sumu ni ya zamani, lakini maziwa hayawezi kuondoa oganofosfeti kwenye kimeng'enya. Yanaweza kumpalia mtu asiyeweza kumeza vizuri, na yanapoteza muda.

6. Akiwa amepoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke mdomoni.

7. Piga simu nambari 999 au 112, au umpeleke kwa gari lililo karibu hadi hospitali yenye huduma za dharura, kama vile Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Beba chupa ya dawa hata kama haina kibandiko, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya mfuko.

KWA NINI MUDA NI MUHIMU

Hospitalini, madaktari husafisha njia ya hewa na kumpa mgonjwa oksijeni. Dawa ya kwanza inayotumika ni atropini. Atropini haifungui kimeng'enya kilichozuiwa. Hukinga baadhi ya sehemu zinazopokea asetilikolini, ili mate yapungue, njia za hewa zifunguke na mapigo ya moyo yarudi sawa.

Dawa ya pili, pralidoksimu, hujaribu kuing'oa sumu kutoka kwenye kimeng'enya. Hapa ndipo saa inapohesabika. Oganofosfeti ikishakaa kwenye kimeng'enya kwa muda, hubadilika na kushikamana kabisa. Kwa aina fulani, badiliko hilo hutokea ndani ya saa chache. Kwa nyingine huchukua siku moja au zaidi. Likishatokea, hakuna dawa inayoweza kukifungua kimeng'enya hicho. Mwili hulazimika kutengeneza kipya, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa. Katika kipindi hicho mgonjwa huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua.

Kuna jambo jingine ambalo familia inapaswa kufahamu. Mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu, kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kupumua ikakosa nguvu tena. Kwa hivyo haifai kumwondoa hospitalini kabla ya daktari kumruhusu, hata kama anaketi na kuzungumza.

JINSI YA KUTAMBUA DAWA HALALI

Nchini Kenya, bidhaa za kuua wadudu husimamiwa chini ya Sura ya 346 ya sheria, na bodi inayozisajili hujulikana kwa herufi PCPB. Kabla ya kununua, mkazi aangalie mambo haya:

- Chombo ni cha kiwandani na kifuniko hakijafunguliwa. Dawa iliyopimwa upya kwenye chupa ya soda, ya maji au ya dawa ya kikohozi isinunuliwe kwa bei yoyote.
- Kibandiko kina nambari ya usajili yenye herufi PCPB, jina la kemikali, tarehe ya kuisha muda na maelezo ya matumizi.
- Kibandiko kinasema wazi kwamba dawa ni ya matumizi ya nyumbani. Iliyoandikwa kuwa ya mimea au ya mifugo isitumike kwenye kitanda.
- Mstari wa rangi ulio chini ya kibandiko huonyesha ukali wa sumu. Nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatwa na njano, kisha buluu. Kijani ndiyo yenye sumu hafifu zaidi.

Dawa nyingi zinazoruhusiwa nyumbani ni za kundi la pairethroidi. Hizi ziliigwa kutoka kwa sumu asilia ya pareto, zao linalokuzwa katika kaunti kama Nakuru na Nyandarua. Hudhuru neva za mdudu kwa njia nyingine bila kuzuia kolinesterasi, na mwili wa mtu huzivunja haraka. Hata hivyo, zinaweza kuwasha ngozi na kumsumbua mwenye pumu, hivyo maagizo yafuatwe. Sehemu nyingi duniani kunguni wamezoea dawa za kundi hili, na hilo huwafanya watu kutafuta kitu kikali zaidi. Lakini kuongeza ukali wa sumu katika chumba cha kulala ni kumwongezea hatari mtoto anayelala humo.

KUMALIZA KUNGUNI KWA JOTO NA USHIRIKIANO

Joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi huua kunguni na mayai yake kwa muda mfupi, na hakuna kunguni anayelizoea.

Ng'oa vipande vya kitanda na umwagie maji yanayochemka kwenye viungo na matundu yote. Chemsha au fua kwa maji moto shuka, mapazia na nguo, kisha uzipige pasi, hasa kwenye mishono. Piga brashi mishono ya godoro, na uizungushie plastiki isiyopitisha mdudu kama inawezekana. Ziba nyufa za ukuta na za fremu za milango kwa simiti au silikoni. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Usimwage mafuta taa kitandani, kwa sababu chumba kinaweza kushika moto.

Rudia kazi yote baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yaliyosalia huwa yameangua wakati huo, na kunguni wachanga hawajaanza kutaga.

Muhimu zaidi, ploti ifanye kazi hii kwa pamoja. Chumba kimoja kikisafishwa na cha jirani kikiachwa, kunguni hurudi. Hawa ni wadudu wanaoweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, kwa hivyo hata chumba kilicho tupu kisisahaulike. Wapangaji na mwenye nyumba wakubaliane siku moja. Wakihitaji ushauri, au wakijua mahali panapouzwa dawa zisizo na kibandiko, wamwone afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yao au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa.

Kwa nyumba ambayo tayari ina dawa isiyojulikana, isimwagwe kwenye sinki, choo au mtaro, kwa kuwa itaishia mtoni, na wala chupa isichomwe wala kutumiwa tena. Ifungwe vizuri, iandikwe neno SUMU, iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli mbali na chakula, na afisa wa afya ya umma aulizwe jinsi ya kuitupa. Kufuli hiyo humlinda mtoto, na humlinda pia mtu mzima aliye katika dhiki.